Kupima Kitu Ambacho Jibu Lake Halijanong'onezwa

(Hotuba kwa walimu wa fizikia, mafundi sanifu wa maabara na wanafunzi, Arusha)

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakuu wa shule, walimu wenzangu wa fizikia kutoka Arusha, Kilimanjaro na Manyara, mafundi sanifu wa maabara, na ninyi wanafunzi mliokaa kule nyuma: itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni.

Waandaaji wameniomba nizungumzie maisha yangu ya utafiti, na wametaja mambo mawili yaliyo kwenye wasifu wangu: spektroskopia ya vitu yabisi, yaani kuvisoma kwa mwanga vinaoufyonza na kuutoa, na ufundishaji wa maabara. Watu wengi huyatenganisha. Utafiti, wanasema, ni ule wa fuwele, leza na nitrojeni ya kimiminika. Maabara ya wanafunzi ni zamu tu, unaimaliza haraka ili urudi kwenye kazi yako. Kwangu mimi ilikuwa kazi moja tangu mwanzo, na ndiyo maana nimekubali kuja. Ninacho pia kitu kimoja ninachokitaka kwenu, nakisema mapema ili asiwepo wa kukitafuta katikati ya maneno mengi: mwanafunzi aingie maabara kupima kitu ambacho jibu lake hakuna aliyemnong'oneza.

Nianze na mawe, kwa kuwa tuko Arusha.

Ukishika barabara ya Namanga unafika Longido. Jiwe la kule mnalijua, kijani lenye mabaka mekundu, wachongaji wanalitengenezea vinyago na vibakuli. Kijani ni zoisaiti, wekundu ni rubi. Kule Mirerani, kusini ya uwanja wa ndege wa KIA, zoisaiti hiyo hiyo ikiwa angavu na yenye vanadiamu ndiyo tanzanaiti, ambayo dunia imeifahamu tangu mwaka 1967. Karibu na Ziwa Manyara kumechimbwa zumaridi. Yaani mwalimu wa fizikia wa mkoa huu amezungukwa na sampuli ambazo wanafizikia wa nchi nyingine wanaziagiza kwa barua.

Sasa chukueni mawe mawili kati ya hayo, rubi na zumaridi. Rubi ni oksidi ya aluminiamu. Ikiwa safi haina rangi kabisa. Atomu za kromiamu zikiingia kwenye nafasi chache za aluminiamu, asilimia moja au chini ya hapo, jiwe linakuwa jekundu. Zumaridi ni berili, nayo ikiwa safi haina rangi. Ikipata kromiamu inakuwa kijani. Ioni, yaani atomu yenye chaji, ni ile ile ya kromiamu, Cr³⁺, yenye elektroni tatu zilizobaki kwenye ganda la 3d. Ioni moja, rangi mbili. Swali hilo lilinishika nikiwa kijana na halijaniachia mpaka leo.

Jibu liko kwenye majirani. Ndani ya fuwele zote mbili kromiamu imezungukwa na oksijeni sita. Oksijeni hizo zina chaji hasi na zinazisukuma elektroni za kromiamu, hivyo ngazi za nishati zinagawanyika. Ndani ya rubi kromiamu imekaa kama abiria wa katikati kwenye kiti cha nyuma cha Noah: imebanwa, msukumo ni mkubwa, na mgawanyiko wa ngazi unafika kama elektrovolti (eV) 2.2, kipimo cha nishati. Fuwele inafyonza mwanga wa kijani na njano, wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 556, na utepe mwingine upande wa urujuani, karibu na nanomita 410. Kinachopita ni wekundu, na bluu kidogo. Ndani ya zumaridi nafasi imelegea kidogo, mgawanyiko unashuka hadi karibu eV 2.0, na utepe ule wa kwanza unahamia nanomita 600 hivi. Sasa wekundu na chungwa ndivyo vinavyoliwa, na kijani kinapita. Tofauti ya sehemu mbili za kumi za elektrovolti, nawe umehama kutoka damu ya mzee kwenda jani la mgomba.

Rubi ina jambo la pili ambalo zamani lilinikosesha usingizi. Ukilimulika jiwe kwa mwanga wa kijani au urujuani, nishati iliyofyonzwa inatulia kwenye ngazi moja nyembamba, inakaa hapo kwa muda unaopimika, kisha inatoka kama mwanga mwekundu kwenye mistari miwili iliyokaribiana, nanomita 692.9 na 694.3. Ni mstari wa 694.3 ambao Theodore Maiman aliutumia mwezi Mei 1960 kutengeneza leza ya kwanza duniani. Tochi ndogo ya urujuanimno, ile ambayo wenye maduka wanakagulia noti, inatosha kulifanya baka la rubi la Longido liwake kama kaa. Jaribuni usiku na wanafunzi wenu. Msiwaambie chochote kabla.

Nikiwa masomoni ng'ambo kazi yangu ilikuwa mistari hiyo. Tulikuwa tunaizamisha fuwele kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 77 za Kelvin, na kuangalia jinsi mistari inavyobadilika. Kwenye baridi ile mitikisiko ya atomu inapungua, mistari inakuwa myembamba, na ule wa 694.3 unasogea hadi karibu 693.4. Nilikuwa naleta kwa msimamizi wangu karatasi iliyotoka kwenye kinasa-chati, mstari umesimama vizuri, nami nimeupima upana wake kwa rula. Hakuwahi kusifu mchoro. Aliuliza swali moja tu: katika upana huu, kiasi gani ni cha jiwe na kiasi gani ni cha mashine yako?

Naomba mlishike hilo, kwa kuwa kila nitakachosema kuhusu shule kimetoka hapo. Kifaa cha spektroskopia kina mwanya ambao mwanga unapitia. Mwanya ukiwa mpana, hata mstari mwembamba kama uzi utaonekana mnene kwenye karatasi. Unajuaje kama unene unaouona ni wa rubi au ni wa mwanya? Huulizi kitabu, maana kitabu hakijui mwanya wako una upana gani leo asubuhi. Unaubana mwanya na kupima tena. Mstari ukipungua unene, ulikuwa unapima mashine. Ukibaki vile vile, sasa ndipo unapima jiwe. Kisha unaubana tena, mpaka mwanga uwe hafifu kiasi kwamba mstari unamezwa na kelele za umeme, na hapo unajua mpaka wako uko wapi. Kazi nzima ya spektroskopia, pamoja na hesabu zake zote za kwanta, inasimama juu ya tabia hiyo ya kukihoji kifaa.

Niliporudi nyumbani na kupewa maabara ya mwaka wa kwanza, nikakuta vijana waliofaulu vizuri sana ambao hawajawahi hata siku moja kuulizwa swali la namna hiyo.

Walimu mnalijua jaribio la pendulamu. Mwanafunzi anafunga kijiwe kwenye uzi, anahesabu bembea, anachora grafu, anapata g, yaani kipimo cha mvuto wa dunia. Nilikaa nikasahihisha ripoti. Karibu kila ripoti ilikuwa na 9.8, nyingi zikiwa na 9.81. Saa za kusimamisha kwa mkono, uzi unaovutika, kipimo cha urefu mpaka kwenye fundo badala ya katikati ya kijiwe, na bado 9.81. Data zilikuwa zimepikwa, na kila mtu chumbani alijua, tangu mpishi mpaka msahihishaji.

Linaloniuma zaidi ni hili: 9.81 ni namba ya Ulaya. London ina g ya karibu 9.81. Sisi tuko nyuzi 3 na kitu kusini ya ikweta, na Arusha mjini ni mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kuzunguka kwa dunia na ule uvimbe wake wa ikweta vinaipunguza g, mwinuko nao unaipunguza kidogo tena, na hapa tulipo inakuja karibu 9.78. Kijana wa Arusha aliyeandika 9.81 ameandika mvuto wa mji ambao hajawahi kuukanyaga, na akapewa alama zote.

Je, tofauti hiyo inapimika kwa vifaa vya shule? Inapimika. Tumieni pendulamu ndefu, mita 2, iliyoning'inizwa kwenye boriti. Bembea 100 zinachukua kama sekunde 284, na tofauti kati ya 9.78 na 9.81 kwenye muda huo ni kama sekunde 0.4. Mkono wa mwanafunzi makini unakosea sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, kwa hiyo kuna nafasi, ndogo, lakini ipo. Urefu lazima mjue ndani ya milimita chache. Na hapa ndipo utamu ulipo: ukianzisha bembea kwa pembe ya nyuzi 10, muda unaongezeka kwa karibu asilimia 0.2 kuliko kanuni inavyosema, na hiyo peke yake inatosha kuishusha g yako kwa karibu asilimia 0.4, ambayo ni kubwa kuliko tofauti yote kati ya London na Arusha. Ukibembea kwa nyuzi chini ya 5, kosa hilo linakuwa dogo la kusamehewa. Mwanafunzi aliyepitia hapo, akaleta 9.77 na akaeleza kwa nini anaiamini, na shaka yake ni kiasi gani, amefanya fizikia. Anaweza kukuletea 9.79 na bado akawa amefanya fizikia. Aliyeleta 9.81 bila maelezo amefanya kunakili.

Hadithi ya Erasto Mpemba sihitaji kuisimulia yote, watoto wetu wanaijua. Mwaka 1963, sekondari ya Magamba kule Tanga, mwanafunzi anatengeneza aiskrimu, anaweka maziwa ya moto kwenye friza, yanaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu anamwambia amechanganyikiwa, na baadaye mwalimu wa sekondari ya Mkwawa anamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, haiko kwenye fizikia ya dunia. Anamuuliza Dr. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni, na Osborne anakwenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la ufundishaji wa fizikia, Mpemba akiwa ameshafika Chuo cha Wanyamapori Mweka, juu tu ya Moshi.

Watu husimulia sehemu ya mwalimu aliyemcheka. Mimi nawaomba msome sehemu nyingine ya maandishi yale, ambayo Osborne aliiandika kwa uaminifu mkubwa. Alimwagiza fundi wa maabara, kijana, ajaribu. Fundi akarudi kusema kwamba kweli yale maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, lakini akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Jibu alikuwa nalo mkononi. Alichokuwa anakisubiri ni jibu la kitabu.

Simlaumu kijana yule hata kidogo. Alifundishwa hivyo, kama tulivyofundishwa sisi. Na jambo lenyewe bado linajadiliwa: wengine wanataja mvuke unaopotea, wengine mzunguko wa maji ndani ya chombo, wengine kupoa chini ya nyuzi sifuri bila kuganda, na wapo waliopima kwa makini na wasilione kabisa. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini mjadala huo usingekuwepo kama kila fundi angeendelea kurudia mpaka Mpemba anyamaze.

Nilipoanza kuchunguza ufundishaji wa maabara kwa mbinu za utafiti, kama nilivyokuwa nachunguza fuwele, wenzangu wa karibu hawakunielewa. Waliotangulia walikuwepo, na baadhi walikuwa barani humu humu. Andy Buffler na Saalih Allie wa Chuo Kikuu cha Cape Town, wakishirikiana na wenzao wa York, waliwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza maswali rahisi kuhusu mpira unaoviringika kwenye mteremko na kuanguka sakafuni. Umepima mara moja ulipoangukia. Je, upime tena? Kwa nini? Walichokiona ni kwamba wanafunzi wana fikra za aina mbili. Wapo wanaodhani kila kipimo ni nukta inayojitegemea, na mojawapo inaweza kuwa ndiyo yenyewe, ya kweli; hao wakirudia kupima, wanatafuta ile iliyo sahihi. Wapo wanaoona kwamba vipimo ni kundi, na kwamba habari iko kwenye kundi zima, katikati yake na mtawanyiko wake. Na mwanafunzi anaweza kukokotoa wastani na mkengeuko bila kosa lolote na bado akawa wa fikra ya nukta, kwa sababu anafuata utaratibu tu.

Mwaka 2015 Natasha Holmes, Carl Wieman na Doug Bonn walichapisha matokeo ya darasa la maabara Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Wanafunzi walitakiwa kulinganisha vipimo vyao, kisha kuamua wenyewe wafanye nini kuboresha, kisha kukifanya. Ikilinganishwa na wenzao wa maabara ya kawaida, walikuwa na uwezekano mara 12 zaidi wa kupendekeza au kufanya maboresho kwa hiari yao, hata baada ya maelekezo kuondolewa. Wieman huyo ana Nobel ya fizikia ya mwaka 2001. Anajua maabara ni nini. Holmes na Wieman wakachunguza pia kozi za maabara katika vyuo kadhaa ambazo lengo lake lilikuwa kukazia yaliyofundishwa darasani, na hawakuona faida yoyote inayopimika kwenye mitihani kwa waliozisoma dhidi ya wasiozisoma. Maabara ya kuthibitisha kitabu haimsaidii mtoto hata kukumbuka kitabu. Matokeo hayo yanauma, na tunapaswa kuyameza, kwa sababu tunatumia fedha za wazazi.

Najua mtaniuliza habari ya vifaa. Miaka ya 2012 hadi 2014 nchi nzima ilihangaika kujenga maabara kwenye sekondari za kata. Wananchi walichanga, wakabeba mawe na mchanga. Vyumba vikapatikana kwa wingi. Nimetembelea shule moja, sitaitaja, nikakuta seti za optiki bado zimo kwenye nailoni zake, ufunguo wa chumba unakaa ofisini, na mwalimu anafundisha lenzi kwa kuchora ubaoni umbali wa hatua chache kutoka kwenye mlango uliofungwa. Hofu ilikuwa kwamba vitaharibika kabla ya mtihani wa taifa. Walimu wangu, kifaa kilichoharibika mikononi mwa wanafunzi ishirini kimefanya kazi. Kile cha ndani ya nailoni hakijafanya kitu.

Na vingine hata havihitaji nailoni. Nitawaeleza jaribio moja kwa kirefu, nililolifanya na kidato cha tano huko Moshi, kwa kuwa ndani yake mtaiona spektroskopia ya vitu yabisi yote.

Chukua taa ndogo za LED za rangi mbalimbali, zile za mafundi redio: nyekundu, chungwa, kijani, bluu. Betri nne, kipingamizi cha kulinda taa, kingine cha kuzungusha ili kurekebisha volti, na multimita. LED ni semikondakta, fuwele kama yale mawe yangu. Elektroni ikishuka kwenye pengo la nishati inatoa fotoni moja, chembe ya mwanga, na rangi ya fotoni inategemea upana wa pengo. Ukigawanya 1240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita, unapata nishati ya fotoni katika elektrovolti. Nyekundu ya 630 inakuja karibu 1.97, bluu ya 470 karibu 2.64. Kwa hiyo ukipandisha volti polepole, nyekundu inawaka mapema, bluu inachelewa. Ukichora volti ya kuwaka dhidi ya moja-juu-ya-urefu-wa-wimbi, mteremko wa mstari, ukiuzidisha kwa chaji ya elektroni na kuugawanya kwa kasi ya mwanga, unakupa namba thabiti ya Planck, ile inayounganisha nishati ya fotoni na masafa ya mwanga wake. Kwenye meza ya shule!

Kikundi cha kwanza kilikwama hapo hapo kwenye neno "kuwaka". Mvulana mmoja aliona nyekundu imewaka kwenye volti 1.6 na kitu. Binti aliyekaa naye aliingiza taa ndani ya mkono wa sweta lake, akachungulia, akasema imeshawaka zamani, kwenye volti ya chini zaidi. Wakanigeukia. Nikanyamaza. Ilichukua muda wakabishana, mpaka mmoja akasema jicho halifai kuwa hakimu, kwa kuwa bluu na nyekundu jicho haliyaoni kwa nguvu sawa. Wakaamua wenyewe kutumia mkondo: kila taa isomwe volti yake pale mkondo unapofika kiwango kile kile kidogo walichokubaliana. Halafu, bila mtu kuwaambia, wakabadilisha kiwango hicho na kurudia, waone kama mteremko unabadilika. Volti zote zilisogea. Mteremko ukasogea kidogo tu. Mnaliona? Ni ule mwanya wa spektroskopu. Wamekibana kifaa ili wajue kipi ni cha jiwe.

Mmoja wao alikuwa ameleta LED nyeupe kutoka kwenye tochi mbovu. Nyeupe ikawaka karibu pale pale ilipowakia bluu. Wakataka kuiweka kwenye grafu, wakagundua hawajui waandike urefu gani wa wimbi. Kisanduku kwenye jedwali kikabaki tupu.

Hapo tukatengeneza spektroskopu. Boksi la viatu, nyembe mbili zilizosogezwa mpaka mwanya wa unywele, na kipande cha diski ya DVD iliyobanduliwa tabaka lake la fedha. Njia za DVD zimepishana kwa mikromita 0.74, yaani mistari kama 1,350 kwa kila milimita inayotawanya mwanga katika rangi zake, jambo ambalo karne mbili zilizopita Fraunhofer, mmoja wa waanzilishi wa spektroskopia, angelilipia kwa jasho. Wakaielekeza kwenye LED nyeupe. Walichokiona hakikuwa upinde wa mvua uliojaa. Kulikuwa na mkanda mkali wa bluu karibu na nanomita 450, kisha sehemu hafifu, kisha mkanda mpana kutoka kijani kupita njano hadi wekundu. Taa nyeupe ni taa ya bluu iliyopakwa unga. Unga huo kwa kawaida ni fuwele yenye itriamu, aluminiamu na oksijeni, iliyowekewa seriamu kidogo; seriamu inafyonza sehemu ya bluu na kuitoa kama njano, na jicho likichanganya linaona nyeupe. Kromiamu ndani ya rubi, seriamu ndani ya taa ya tochi: ni elimu ile ile, ya ioni chache zilizoingia kwenye nyumba isiyo yao. Bluu yenyewe ilisumbua miaka mingi mpaka Akasaki, Amano na Nakamura walipoimudu kwa fuwele za galiamu nitraidi, na wakapewa Nobel mwaka 2014.

Yule binti akarudi kwenye jedwali akaandika 450 kwenye kisanduku kilichokuwa tupu, kwa kalamu ya rangi nyingine, na tarehe pembeni. Daftari la mtafiti huwa hivyo.

Kwa kuwa boksi lilikuwepo, wakalielekeza pia kwenye balbu ya zamani ya kubana matumizi, ile ya mrija uliojikunja. Mistari ikasimama mbali mbali: bluu-urujuani ya zebaki kwenye 436, kijani ya zebaki kwenye 546, na wekundu wa europiamu karibu 611. Mistari ya zebaki inajulikana kwa usahihi mkubwa, kwa hiyo mnaweza kuitumia kusahihisha mizani ya boksi lenu kabla ya kupima kingine chochote. Baada ya hapo, tanzanaiti. Wazazi wengi wa Mirerani ni wanaapolo, yaani wachimbaji, au madalali, na kipande kidogo cha kuazima hakikosekani. Jiwe lisilochomwa linafyonza mwanga tofauti katika pande zake tatu, na ukilizungusha mbele ya kichujio cha polaroidi rangi zinabadilika, bluu, urujuani, kahawia. Likichomwa kwenye nyuzi kama 500 hadi 600 za selsiasi, utepe wa ufyonzaji karibu na nanomita 450 unafifia, na ule ukahawia unaondoka. Madalali wanayajua matokeo haya kwa macho kuliko profesa yeyote. Watoto wao wanaweza kuyapima.

Sasa ombi langu, na nimalizie. Nataka tufanye jambo pamoja, shule za mikoa hii mitatu. Nilisema nishati inakaa ndani ya rubi kwa muda kabla ya kutoka. Kwenye rubi safi iliyotengenezwa viwandani, muda huo kwenye joto la kawaida ni kama milisekunde 3.5. Ni mrefu mno kwa atomu, na ndiyo bahati yetu, maana vifaa vya kawaida vinaufikia. LED ya kijani inayowashwa na kuzimwa haraka, kipande cha jiwe la Longido, plastiki nyekundu ya kuzuia kijani, diodi ya kupokea mwanga, na tundu la maikrofoni la kompyuta, ambalo huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde. Milisekunde 3.5 ni zaidi ya sampuli 150, mkunjo wa mwanga unavyofifia utauona vizuri. Kompyuta nyingi hukata masafa ya chini na zinaweza kuupinda mkunjo huo, kwa hiyo pimeni kwanza LED peke yake bila jiwe na bila plastiki, mjue kifaa chenyewe kinasemaje.

Jiwe la Longido litatoa ngapi? Kromiamu ikizidi, au chuma kikiwemo, muda unabadilika, na kila baka lina historia yake. Kitabuni namba ya jiwe lenu haimo. Kila shule ichukue jiwe lake, ipime, iandike na shaka yake, kisha shule mbili zibadilishane mawe bila kuambiana majibu, zipime tena. Zikitofautiana, wanafunzi ndio watakaotafuta sababu, na mwalimu asiwaokoe haraka. Mafundi sanifu, ninyi ndio mtakaoongoza hili, na ninaomba wakuu wa shule wawape muda na ufunguo.

Mawe yapo kwenye meza ya pembeni, yamewekewa namba. Diodi na plastiki ziko kwenye bahasha, bahasha moja kila shule. Anayetoka Longido aje kwangu kwanza, tunahitaji kujua kila jiwe limetoka shimo gani.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.